Milimita 67: reli ya Kalemie na kona za kadri zetu



Mimi nilisoma historia, lakini ugali wangu unatoka kwenye mbao. Wengi wetu tuko hivyo: diploma iko ndani ya sanduku, mikono iko kwenye kazi nyingine. Tangu tufungue atelye yetu ng'ambo ya mto Lukuga, swali ambalo vijana wananiuliza zaidi ni hili: "Yaya, kwa kukata kona sawasawa kwenye msumeno wa meza, ninunue ile gidi ya chuma, ao nijitengenezee kigari cha mbao?" Nitajibu, tena kwa namba. Lakini jibu lenyewe nililipata kwanza kwa hasara, halafu kwa historia ya reli yetu, kwa hiyo nitalieleza kwa mpangilio huo.

Mwaka wetu wa kwanza, shule moja ilituagiza kadri 60 za kuwekea vyeti vya wanafunzi wanaomaliza. Tulikuwa vijana watatu, wote na diploma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulipwa franka kwa diploma yake. Pesa ya kununua mbao za mulombwa alitukopesha mama yangu. Ilikuwa pesa ya ndagala alizouza sokoni miezi mingi. Msumeno tulikuwa nao: moteri ya umeme, mkanda, diski, na meza ya chuma iliyochomelewa hapa hapa mjini. Gidi tukanunua. Kwa ambaye hajaiona, ni nusu-duara ya chuma yenye alama za digrii, imefungwa juu ya upapi wa chuma, na huo upapi unateleza ndani ya mfereji uliochimbwa juu ya meza. Unaegemeza mbao kwenye gidi, unasukuma, diski inakata kwa pembe uliyochagua. Tuliweka mshale kwenye 45, tukakata vipande 240 kwa siku mbili, tukafurahi sana.

Siku ya kuunganisha, kona tatu za kila kadri zilifunga vizuri. Ya nne ikabaki wazi. Tukajaza unga wa mbao na gundi, tukapaka vanishi, tukajiambia hakuna atakayeona. Mkuu wa shule alichukua kadri moja, akaielekeza dirishani, mwanga ukapita kwenye kona. Hakugomba. Alisema tu: "Hivi ni vyeti vya watoto wangu. Siwezi kuvitundika ndani ya kitu ambacho hakikufungwa." Akaturudishia zote 60.

Jioni ile tulikaa mbele ya atelye tukilaumu gidi, tukilaumu mbao, tukilaumu umeme. Kuna mzee jirani yetu, mstaafu wa reli, ambaye huwa anapita kusalimia. Aliingia ndani bila kuulizwa, akashika gidi ikiwa ndani ya mfereji, akaitikisa kushoto na kulia. Ikacheza: tik, tik. Akatuangalia.

"Mutoto yangu," akaniambia, "reli haina 'karibu'. Gurudumu inaingia ao haiingii."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye madaftari yangu ya historia.

Tuanze na vipimo vya zamani. Kabla ya reli, bidhaa zilifika kwenye ufuko huu kwa misafara kutoka pwani, kupitia Tabora na Ujiji, halafu kwa mitumbwi. Kitambaa kilikuwa kama pesa, na kilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka moja, mikono minane ilikuwa doti. Kwa biashara kipimo hicho kilifanya kazi, sababu muuzaji na mnunuzi walikuwa wamesimama mahali pamoja, wakibishana mkono wa nani utumike. Hata maneno ya atelye zetu yanakumbuka njia hiyo: msumari na mraba ni maneno yenye asili ya Kiarabu, yaliyotufikia kutoka mashariki. Ekere na tripleksi yalikuja baadaye na Wabelgiji. Fundi wa Kalemie anafanya kazi katikati ya hizo njia mbili bila kufikiri.

Lakini mkono haufai pale ambapo anayetengeneza kitu na anayekipokea hawaonani. Ndiyo maana reli ilihitaji kipimo cha namna nyingine.

Reli kutoka Kabalo ilifika hapa ziwani mwezi wa tatu 1915, wakati mji ungali unaitwa Albertville. Iliyoijenga ni kampuni ya CFL, iliyoundwa 1902 ili kuunganisha Kongo ya juu na Maziwa Makuu. Upana kati ya reli mbili ulikuwa mita moja kamili, milimita 1000. Ng'ambo ya ziwa, Wajerumani walikuwa wamefikisha reli yao kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma 1914, nayo ilikuwa ya mita moja. Kusini mambo yalikuwa tofauti. Reli iliyofika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, ilikuwa mkono wa ile iliyopanda kutoka Cape Town, na upana wake ulikuwa milimita 1067. Namba hiyo inaonekana ya ajabu mpaka uihesabu kwa Kiingereza: futi 3 na inchi 6, yaani inchi 42, kila moja milimita 25,4. Kusini walipima kwa inchi, sisi tulipima kwa mita. Tofauti ni milimita 67. Weka vidole vyako pamoja: ni kama vidole vitatu na nusu.

Mnakumbuka hadithi ya boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1915 zilitoka Cape Town kwa treni hadi Fungurume. Pale treni iliishia. Zikavutwa kwa mashine za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikapanda treni tena kidogo hadi Bukama, zikashuka Lualaba hadi Kabalo, zikapanda treni ya CFL, na mwezi wa 12 zikaingia majini hapa kwetu. Tarehe 26 mwezi huo ziliiteka meli ya Wajerumani, Kingani. Shuleni tunafundishwa sehemu ya mizinga. Siku hizi mimi naisoma kama fundi, nikihesabu mara ngapi boti zile zilipakuliwa na kupakiwa. Na hata kama reli ingekuwepo njia nzima, behewa lililotoka Cape Town lisingeweza kuingia kwenye reli yetu. Vidole vitatu na nusu vingelizuia.

Kizuizi hicho kilidumu miaka 40. Mwaka 1955 njia ya CFL ilibadilishwa kutoka 1000 kwenda 1067, na 1956 Kabalo ikaunganishwa na Kamina, kwa hiyo Kalemie ikapata njia ya chuma hadi Katanga ya kusini. Mzee wetu alikuwa kijana mdogo wakati huo. Anasema watu wanadhani kazi ilikuwa kusogeza reli tu. "Na magurudumu je?" anauliza. Ukibadilisha njia, kila kinachopita juu yake lazima kibadilike. Huwezi kupima behewa kwanza halafu ukatumaini njia itakubali. Unapima njia.

Bon, turudi kwenye meza yetu. Siku iliyofuata nilipima njia, yaani mfereji. Fundi aliyechomelea meza alitumia chuma cha umbo la U, upana wake wa ndani milimita 20. Halafu nikapima upapi wa gidi: milimita 19 na kidogo. Gidi nyingi za kiwandani upapi wake ni robo tatu ya inchi, yaani milimita 19,05. Kumbe! Ugomvi ule ule wa inchi na mita, ule wa 1067 na 1000, ulikuwa umekaa kimya juu ya meza yetu.

Milimita moja ya kucheza, mtu atasema ni kitu gani? Tuhesabu. Unapoanza kukata, sehemu kubwa ya upapi bado iko nje ya meza. Kama ni sentimita 12 tu zilizo ndani ya mfereji, milimita moja inairuhusu gidi kugeuka karibu nusu digrii. Kadri moja ina vipande vinne, kila kipande kinakatwa pande mbili, jumla mikato minane. Nusu digrii mara nane ni digrii nne. Ukifunga kona tatu kwa nguvu, digrii zote nne zinakimbilia kona ya mwisho. Kwa mbao yenye upana wa sentimita 5, uwazi unafika karibu milimita 5. Huo ndio mwanga aliouona mkuu wa shule.

Sasa jibu la swali lenu.

Gidi si mbaya. Ina faida zake: ni ndogo, inageuka kwa pembe yoyote, inafaa kwa vipande vifupi na kwa kazi ambayo kila mkato una digrii zake. Lakini usiinunue kabla ya kupima mfereji wako, upana na kina. Ukifika dukani, tembea na kipande cha mbao ulichokichonga mpaka kikaingia mferejini bila kucheza. Hicho ndicho kipimo chako, linganisha upapi wa gidi nacho. Kama upapi ni mwembamba kidogo tu, unaweza kuupiga kwa ncha ya chuma ubavuni, sehemu kadhaa, chuma kivimbe na kujaza nafasi. Ongeza pia ubao mrefu ulionyooka mbele ya nusu-duara, ili mbao yako iegemee mahali papana. Na usiamini alama za digrii mpaka umezijaribu. Alama ni wino tu.

Kigari ni kitu kingine. Ni kipande cha tripleksi kilicho juu ya papi mbili, kila moja ndani ya mfereji wake, moja kushoto na moja kulia kwa diski. Juu yake kuna ubao wa kuegemeza mbao. Mbao yako haigusi meza. Inakaa juu ya kigari na kusafiri nacho, kama mzigo ndani ya behewa. Kwa sababu kiko juu ya reli mbili, hakigeuki kirahisi kama gidi yenye reli moja. Papi unazichonga mwenyewe kwa mbao ngumu iliyokauka vizuri, mpaka zikubaliane na mifereji yako, iwe ya milimita 19, 20 ao 22. Haikuhusu inchi ya nani ilitumika kiwandani. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ninayosema: kwa meza zetu za kuchomelea, tengeneza kigari. Kama meza yako haina mfereji hata mmoja, papi zinaweza kushika kingo mbili za nje za meza, mradi kingo hizo zimenyooka na ziko sambamba na diski.

Sababu ya pili ndiyo iliyookoa kadri zetu. Kwa kona za 45, juu ya kigari unaweka mbao mbili za kuegemeza, moja kushoto na moja kulia, zikikutana kama pembe ya ekere inayoelekea kwenye diski. Kipande kimoja unakikata upande wa kushoto, mwenzake upande wa kulia. Tuseme ulikosea kidogo, kushoto ikawa 45,3. Kama pembe kati ya mbao hizo mbili ni 90 ya kweli, basi kulia itakuwa 44,7. Ukiunganisha vipande viwili, jumla ni 90, na kona inafunga. Kosa la mmoja linafidiwa na mwenzake. Kwa hiyo hutafuti 45 mbili kamili. Unatafuta 90 moja, na hiyo kila mtu hapa anajua kuipata tangu darasa la jiometri: sentimita 30 upande mmoja, 40 upande wa pili, na kati ya ncha hizo lazima iwe 50. Ila kumbuka, pande zinazotazamana lazima ziwe na urefu sawa kabisa. Funga kizuizi kwenye kigari, vipande vyote vipimwe na kizuizi, usipime kila kimoja kwa meta.

Kwa kigari cha mkato wa kawaida, ule wa 90, kuna jaribio ambalo halihitaji chombo cha bei. Hapa tena historia ya ziwa inasaidia. Meli ya Liemba, ambayo zamani iliitwa Graf von Götzen, ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Waliiunganisha kule kwanza, wakaifungua, wakaipakia kwenye makasha 5000, na mafundi watatu wakafuatana nayo hadi Kigoma. Iliingia majini 1915. Fikiria kama wangeruka hatua ile ya kwanza: bamba lisiloingia ungeligundulia Kigoma, na kiwanda kiko Ulaya. Kwa hiyo jaribu kabla ya kazi. Chukua tripleksi ya mraba, kama sentimita 40. Kata ukingo mmoja. Geuza, ukingo uliotoka kukatwa uegemee kwenye ubao wa kigari, kata wa pili. Endelea mpaka wa nne. Mara ya tano, kata upapi mwembamba, wa sentimita mbili na kitu. Upime ncha zote mbili. Tuseme ncha moja ni milimita 24,0 na nyingine 25,2. Tofauti ni 1,2. Gawa kwa nne, sababu kosa limejirudia mara nne: 0,3. Maana yake kigari chako kinakosea milimita 0,3 kwa kila sentimita 40. Sogeza ubao kidogo, rudia. Yetu ilichukua asubuhi nzima na vipande sita vya tripleksi. Nilikuwa nimechoka, lakini sikuwa tena nabahatisha.

Kuhusu usalama, sitaki kusikia mwenzetu amepoteza kidole. Diski inapomaliza kukata inatokea nyuma ya kigari, palepale mikono inaposukuma. Funga kipande kinene cha mbao nyuma, kiifunike. Usitumie gidi pamoja na ubao wa pembeni wa kupasulia kwa mkato wa kukata kipande: kipande kinabanwa kati ya diski na ubao, kinarushwa kama risasi. Na jambo la kwetu hasa: umeme ukikatika, zima mashine kwanza, halafu ndio utoke nje kupiga stori. Umeme ukirudi ghafla, diski inaanza yenyewe, na mkono wa mtu unaweza kuwa pale.

Tulibomoa kadri zote 60. Vipande vya kadri 44 vilikuwa na urefu wa kutosha kukatwa upya. Kwa 16 zilizobaki ikabidi tununue mbao nyingine, deni juu ya deni. Shule ilizipokea wiki tatu baada ya siku ya vyeti, na ilikuwa haki yao kutulipa pungufu. Mama tulimrudishia pole pole, kidogo kila mwezi, na hakuuliza hata mara moja digrii ni kitu gani.

Ombi langu kwenu, hasa mnaotafuta mada ya kazi ya mwisho ya masomo: wazee waliofanya kazi kwenye reli na bandarini wanapungua kila mwaka. Wanajua jinsi mji huu ulivyopimwa, ulivyokatwa na ulivyounganishwa, na mengi ya hayo hayamo kwenye vitabu. Kaeni nao na daftari. Mimi niliyekaa na mmoja tu alinirudishia kazi yangu.

Kadri moja mbovu niliiacha kama ilivyokuwa, imetundikwa juu ya mlango wa atelye, uwazi wake uko palepale. Kijana akija na swali la gidi ao kigari, kwanza namwonyesha hiyo kona, halafu namuuliza: "Mfereji wa meza yako una upana gani?" Karibu wote inabidi warudi nyumbani kupima.